Kijani Si Rutuba: Udongo wa Mikarafuu Unatudai

Kila mvua za masika zinapokaribia, hapa visiwani huanza shughuli ambayo sote tunaifahamu. Miche ya mikarafuu hutolewa vitaluni, hupakiwa katika magari na kugawiwa wananchi. Viongozi hupanda miche ya mfano mbele ya wapiga picha, na jioni hutangazwa idadi ya miche iliyotolewa. Ni jambo jema, wala hatuna nia ya kulibeza. Lakini lipo swali ambalo halitangazwi, nalo ni hili: miche iliyotolewa miaka mitano iliyopita iko wapi? Mingapi imesimama, na mingapi imebaki kijiti kikavu na shimo lililoota magugu?

Mkulima akiulizwa atataja jua, atataja mchwa, atataja mbuzi wa jirani. Yote hayo ni kweli. Lakini lipo jibu jingine ambalo hatulitaji kwa sababu tunalikanyaga kila siku na tumelizoea. Tunapanda mti mpya katika ardhi ambayo tumeichuma kwa zaidi ya karne moja na nusu bila ya kuirudishia sawasawa na tulichokichukua. Udongo wa mikarafuu unatudai. Na maoni yetu ni kwamba deni hilo lisipoanza kulipwa, hapana mche, hapana bei wala hotuba itakayoliokoa zao hili.

Tuanze na historia, maana mwenye deni hufaa kujua lilianza lini. Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa hivi. Kwao ni visiwa vya Maluku, nchini Indonesia, nao ulifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Kizimbani, Unguja, ni miongoni mwa mahali palipopandwa mwanzo. Mashamba yalifunguliwa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba iliyonusurika ikawa ndiyo shamba kuu, na imebaki hivyo hadi leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa yalichukuliwa na wananchi wakagawiwa vipande vya eka tatu tatu, na haki iliyonyimwa watu kwa miaka mingi ikarejeshwa.

Katika muda wote huo wenye mashamba walibadilika, wanunuzi walibadilika na bei zilibadilika. Jambo moja halikubadilika: mwendo wa kuchukua. Bwana wa zamani alichukua, mkoloni alichukua kwa njia ya ushuru, nasi tulioirithi ardhi kwa haki tumeendelea kuchuma kana kwamba udongo ni kisima kisichokauka. Tulibadilisha mwenye shamba, lakini hatukubadilisha namna ya kulitendea shamba lenyewe.

Wapo watakaotustaajabia kwa kusema hivi. Watasema: Pemba ndiyo iliyoitwa na Waarabu Al-Jazira Al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, mtu akisimama juu ya kilima chochote ataona miti mpaka macho yachoke, udongo wa namna hiyo utakuwaje na njaa? Hapo ndipo tunapodanganyika. Kijani si rutuba. Katika nchi za joto na mvua nyingi, sehemu kubwa ya chakula cha mimea haikai chini kabisa ardhini, bali imo katika mimea yenyewe na katika tabaka jembamba la juu, pale majani yanapoanguka, yakaoza na kunyonywa tena na mizizi. Mradi mzunguko huo haujakatwa, msitu hustawi. Ukikatwa, kinachobaki ni ardhi iliyooshwa.

Na mvua yetu huosha kwelikweli. Maji yanapopenya ardhini hushuka na kalisiamu, magnesiamu na potasiamu, yakavipeleka mbali na mizizi. Na yanapoteremka kwenye vilima hubeba udongo wenyewe hadi mabondeni. Kwa kadiri vitu hivyo vinavyopungua, ndivyo udongo unavyozidi kuwa mchachu. Wataalamu huupima uchachu huo kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho alama yake ya katikati ni 7. Chini ya 7 ni uchachu, na kila hatua moja ya kushuka ni ongezeko la mara kumi. Kwa hiyo udongo wa alama 5 ni mchachu mara kumi kuliko wa alama 6. Uchachu ukizidi, madini ya alumini huyeyuka na kuidhuru mizizi michanga. Fosforasi nayo hushikwa na madini ya chuma yaliyo katika udongo mwekundu, ikawa ipo lakini haipatikani, kama fedha zilizofungiwa sandukuni na ufunguo umepotea.

Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha pH, lakini hawakuwa wajinga wa ardhi. Waliuita udongo kwa majina yake: kichanga, kinongo, kinamo, maweni. Walijua kwamba kichanga hunywa maji upesi na upesi huyapoteza; kwamba kinamo hushika maji mpaka hutuama, na mkarafuu haustahimili maji yaliyotuama; kwamba kinongo, udongo mwekundu ulio juu ya mawe ya chokaa, una baraka yake; na kwamba katika maweni mtu hulima palipo na udongo na kuliacha jiwe. Elimu hiyo tunaipoteza. Leo mche mmoja na maelezo mamoja hutolewa kwa wote, awe mkulima wa kichanga au wa kinamo, kana kwamba visiwa hivi vimefinyangwa kwa tope moja.

Sasa tuifungue hesabu ya shamba. Nini hutoka? Hutoka karafuu zenyewe, gunia baada ya gunia. Hutoka makonyo, ambayo zamani yalitupwa na sasa yanauzwa ili yakamuliwe mafuta. Hutoka majani, nayo kwa ajili ya mafuta. Hutoka matawi yaliyovunjwa na wachumaji, yakawa kuni, na majivu yake yakamwagwa jalalani. Chini ya mikarafuu hupandwa muhogo, nao ni mmea wenye kula potasiamu kwa wingi. Tunapoung'oa tunaondoka na mihogo na kuikata mizizi ya mkarafuu iliyo karibu na uso wa ardhi. Je, nini huingia? Kwa mashamba mengi jibu ni fupi: majani yaliyoanguka yenyewe, na hata hayo hufagiliwa wakati wa mavuno ili karafuu zilizodondoka zionekane, kisha yakachomwa. Duka linalouza kila siku bila ya kuingiza bidhaa halihitaji mkaguzi wa mahesabu kujua mwisho wake.

Hapa ipo hoja tunayoomba izingatiwe kwa makini, hasa na wanaoshughulika na mafuta ya makonyo na majani. Mafuta yanayokamuliwa hayachukui kitu chochote cha maana katika chakula cha udongo. Potasiamu, kalisiamu, fosforasi na sehemu kubwa ya naitrojeni hubaki katika makapi. Maana yake ni kwamba tunaweza kuuza mafuta na bado tukavirudisha shambani vile ambavyo mti unavihitaji. Makapi hayo yasitiwe mabichi kwenye mashina, maana dawa kali iliyo ndani ya karafuu huweza kuchoma mimea michanga. Yalundikwe, yachanganywe na samadi na majani mengine, yaozeshwe mpaka yawe mboji. Yakichomwa, naitrojeni huruka na moshi, lakini majivu yake bado ni mali: yana potasiamu, na hupunguza uchachu. Gari linalopeleka makonyo kiwandani lisirudi tupu.

Tunasema haya si kwa kukisia. Mfano tunao katika nchi yetu wenyewe, katika zao jingine la kudumu ambalo nalo liliwalisha watu na serikali kwa miaka mingi, yaani kahawa. Mtu akifika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, atakuta kwa Wahaya namna mbili za ardhi zilizopakana. Ya kwanza ni kibanja, shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba iliyosimama kama boma na mibuni chini yake, na udongo mweusi wenye kuvutia. Ya pili ni rweya, uwanda wa majani, wenye udongo mchachu na dhaifu. Mgeni hudhani kwamba Mungu aliumba udongo wa namna mbili. Sivyo. Asili ya udongo huo mara nyingi ni moja. Tofauti yake ni mkono wa binadamu. Kizazi baada ya kizazi, Wahaya walikata majani ya rweya na kuyatandaza chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweya mchana na usiku samadi yao ikabaki nyumbani. Majivu na maganda ya jikoni yakatupwa mashinani. Kibanja hakikukutwa kikiwa na rutuba. Kilitengenezwa.

Na kinyume chake pia kimeonekana huko huko. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilipowamaliza mifugo, samadi ilipungua, na vibanja visivyolishwa vilianza kurudi katika unyonge wa rweya. Kwa hiyo somo la Kagera lina pande mbili: rutuba hutengenezwa kwa mikono, na hupotea mikono inapolegea. Hata Kilimanjaro, penye udongo wa volkano ambao sisi tungeutamani, mkulima wa kahawa hufunga ng'ombe wake zizini, huwakatia majani, na samadi akaipeleka kihambani. Utafiti wa kahawa umekuwapo Lyamungo tangu mwaka 1934, na tangu 2001 unaongozwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Ikiwa aliye juu ya mlima wa volkano anaona haja ya kubeba samadi, sisi tulio juu ya vilima vilivyooshwa na mvua tunategemea nini?

Basi mkulima afanye nini? Kwanza, auzuie udongo usiondoke. Mashamba yaliyo kwenye miteremko yakatwe makinga maji yanayokingama na kilima, na kingo zake zipandwe majani ya malisho. Palizi chini ya mikarafuu iwe ya kufyeka, si ya kulima kwa jembe, kwa sababu mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi. Yaliyofyekwa yatandazwe kulizunguka shina bila ya kuligusa. Majani yaliyofagiliwa wakati wa mavuno yarudishwe, yasichomwe.

Pili, arudishe. Samadi ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kuku ipo vijijini, na nyingi hupotea kwa kuanikwa juani na kuoshwa na mvua. Ilundikwe kivulini na kufunikwa. Shimo la mche mpya lichimbwe mapema na kwa upana, udongo wa juu utengwe na wa chini, kisha udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa ndani. Mche uliotiwa katika kishimo cha ukubwa wa kata, ndani ya udongo uliochoka, tumeuzika, hatukuupanda. Mimea jamii ya kunde ipandwe kati ya mistari badala ya muhogo peke yake, kwa maana huipata naitrojeni kutoka hewani.

Tatu, mbolea ya dukani isiogopwe wala isiabudiwe. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko kama huo wa salfeti ya amonia una kilo kumi na nusu tu, ingawa una salfa. Kwa hiyo mkulima asilinganishe bei ya mfuko na mfuko, bali bei ya chakula kilichomo ndani. Na ajue kwamba mbolea zote mbili, zikitumiwa mwaka hadi mwaka, huongeza uchachu, na salfeti ya amonia huongeza zaidi. Anayezimwaga katika udongo ambao tayari ni mchachu huenda akanunua madhara kwa fedha zake mwenyewe. Kwa udongo mchachu wenye upungufu wa fosforasi, fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa Tanzania Bara, ina manufaa yake, maana uchachu wenyewe huiyeyusha na kalisiamu iliyomo huusaidia udongo. Mbolea itiwe ardhi ikiwa na unyevu, igawanywe kwa awamu badala ya kutiwa yote kwa mkupuo kabla ya mvua kubwa, na iwekwe pale kivuli cha matawi kinapokomea wakati wa adhuhuri, si kwenye gogo.

Wala tusimpe mtu matumaini ya uongo. Mbolea si dawa ya kila kifo cha mkarafuu. Upo ugonjwa wa kufa ghafla, ulioiangamiza mikarafuu mingi ya visiwa hivi katika karne iliyopita, nao unatokana na ukungu, si njaa. Mti uliokwisha kuzeeka nao haurudi ujanani kwa samadi. Ndiyo maana tunasisitiza neno kupima. Kupima udongo ni kazi nyepesi kwa mkulima: achukue udongo kutoka sehemu kumi au kumi na tano za shamba kwa kwenda upande huu na upande huu, katika kina cha shibiri moja, auchanganye katika ndoo safi, aukaushe kivulini, atoe kama nusu kilo, aiandike jina la shamba na tarehe. Asichukue penye jivu, penye kichuguu wala penye lundo la samadi. Baada ya hapo kazi si yake tena. Ni ya Serikali.

Na hapa tunawaelekea wenye dhamana. Mkulima aliyeleta udongo wake apewe jibu kabla ya msimu kupita, na jibu liandikwe kwa Kiswahili ambacho bwana shamba na mkulima wote wataelewa: una nini, umekosa nini, tia nini na kiasi gani. Maabara isiyotoa jibu kwa mkulima ni jengo tu. Tunashauri pia kwamba mabwana shamba na mabibi shamba wapimwe kwa miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, si kwa miche iliyogawiwa siku ya sherehe. Hesabu ya kugawa ni rahisi, nasi tunaosimama majukwaani tumeipenda mno kwa sababu hupigiwa makofi. Hesabu ya kuhesabu iliyo hai haina makofi, lakini ndiyo yenye karafuu.

Lipo jambo zito zaidi ya hayo. Mikarafuu ya Serikali hukodishwa kwa msimu. Mwenye kukodi kwa msimu mmoja ana kila sababu ya kuchuma mpaka ncha ya mwisho, na hana hata sababu moja ya kubeba kikapu cha samadi ambacho faida yake itavunwa na mwingine. Hatumlaumu yeye. Tunalaumu mkataba. Ikiwa tunataka mtu aulishe udongo, tumpe muda wa kuona matunda ya kazi yake: miaka kadhaa badala ya msimu, pamoja na sharti la kupanda, kutandaza na kurudisha samadi, na ukaguzi wa kweli. Hali kadhalika mwenye eka tatu anayetilia shaka kama watoto wake wataruhusiwa kuendelea na shamba hilo, hatapanda mti unaosubiriwa miaka sita au minane ndipo uanze kuzaa. Aondolewe shaka hiyo kwa maandishi.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba mkulima ni maskini, samadi ni nzito, mbolea ni ghali, na kwamba bei ikipanda hayo yote yatajipanga. Ni kweli kwamba mkulima anastahili bei ya haki, nasi hatutaacha kulisema hilo. Lakini bei nzuri juu ya udongo wenye njaa hufanya jambo moja tu: huongeza haraka ya kuchuma. Na katika tuliyoyataja, mengi hayahitaji fedha za kigeni. Kutokuchoma majani hakuna gharama. Kurudisha majivu na kufyeka badala ya kulima hakuhitaji kibali. Samadi ya ng'ombe aliyefungwa mnaziní iko mwendo wa dakika chache kutoka shambani. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hujengwa na watu wanaoona mfano. Basi kila sheha na kila kiongozi mwenye mikarafuu awe wa kwanza kuonekana na kikapu begani.

Watoto wetu hufundishwa tangu chuoni kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili. Ardhi hii tulikabidhiwa baada ya kumwagika jasho na damu. Tuliipokea ikiwa imechoka, hilo ni kweli, lakini kuipokea imechoka si ruhusa ya kuimaliza. Masika haya, kabla ya kuomba mche, kila mmoja wetu aende shambani kwake, achimbe kwa mkono udongo ulio chini ya mkarafuu wake, aukamue kiganjani na autazame. Kisha ajiulize tangu lini hajaupa kitu. Atakayeona haya kwa jibu lake, huyo ameanza kulipa.